Ndege Wawili na Desturi ya Kundi Zima



Katika Injili (Mt 6:26) Bwana anatualika tuwaangalie ndege wa angani. Tunapofafanua maneno hayo, mara nyingi tunaongelea jinsi Mungu anavyowalisha. Leo tuangalie jinsi ndege wanavyofundishana kukipata chakula hicho, na wajibu wa yule anayetangulia kufundisha.

1. Chupa za maziwa

Zamani nchini Uingereza maziwa yaliletwa asubuhi na mapema na chupa kuachwa mlangoni. Malai yalielea juu, chini ya kifuniko. Mwaka 1921, huko Swaythling karibu na Southampton, ndege wadogo wenye kifua cha njano, wale wanaozoea kula karanga zinazowekwa bustanini, walionekana wakifungua vifuniko na kunywa malai. Mwaka 1949 James Fisher na Robert Hinde walichapisha uchunguzi wao: tabia hiyo ilikuwa imeenea sehemu nyingi za nchi. Kwa kuwa ndege hao hawasafiri mbali, walieleza kwamba wachache waligundua mbinu hiyo katika sehemu mbalimbali, na majirani wakajifunza kwao.

2. Visanduku vya Oxford

Baadaye Lucy Aplin na wenzake walilipima jambo hili katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford. Katika baadhi ya sehemu za msitu walikamata ndege wawili wawili, wakawafundisha kufungua kisanduku chenye buu ndani. Mlango wake ulisukumika kushoto au kulia, na pande zote mbili zilitoa chakula kilekile. Hata hivyo, kila jozi ilifundishwa upande mmoja tu, kisha ikarudishwa porini.

Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2015, yanashangaza. Ndani ya siku 20, kwa wastani robo tatu ya ndege wa sehemu hizo walikuwa wamejifunza kufungua kisanduku, wengi wao kwa upande uleule wa walimu wao. Hata waliogundua upande wa pili walielekea kufuata wengi. Mwaka uliofuata, ingawa zaidi ya nusu ya ndege hawakuwepo tena, desturi ilikuwa ingali hai.

3. Funzo kwetu

Tuone uzito wake: walimu wawili tu, na chaguo lao likawa desturi iliyodumu kuliko wanafunzi wengi. Ndivyo ilivyo kwa katekista, mzazi, mlezi wa seminari, na kwa frateri anayekwenda kufanya uchungaji parokiani. Namna yetu ya kusali, ya kumsikiliza maskini, hata ya kushika fedha za jumuiya, itaigwa na watu ambao hatutawaona.

Lakini sisi si ndege. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba wanyama hutambua kifaacho na kidhuru kwa silika, na mwanadamu kwa kulinganisha na kufikiri. Ndege hajiulizi kama mlango wa pili ungefaa. Sisi tunaweza kujiuliza, tena tunapaswa. Desturi njema tuipokee kwa shukrani. Ile tunayoifuata kwa sababu tu wengi wanaifuata, tuipime.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

a) Ni desturi gani ya jumuiya yetu ambayo hatujawahi kuuliza sababu yake?
b) Ni nani anayejifunza kwetu sasa, na anaiga nini?