Dondoo muhimu: Pilates na matembezi mjini Voi

• Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua la Voi likishapanda, mwili huchoka upesi.

• Omba ruhusa ya mwenye uwanja, kisha tandika mkeka kivulini. Kagua miiba ya migunga kwanza.

• Nyoosha mgongo na kaza tumbo kwa dakika 20, ukipumua taratibu. Halafu tembea hadi sokoni ununue matunda.

• Zuru kwa heshima makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka hiyohiyo, Mjerumani Joseph Pilates aliendeleza mazoezi haya ya Pilates akiwa kizuizini Uingereza.

• Usitembee peke yako kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki, kuna ndovu. Ukipanda mlima Sagalla, ongozana na mwenyeji.