Dhahabu Huhama, Nyumba Haihami: Mafunzo Niliyopata Nikijenga Vyumba vya Kupangisha

Kanda yetu hii, ukishika vijisenti kidogo, watu hawakuulizi kama utajenga vyumba vya kupangisha. Wanakuuliza unajenga wapi. Zamani Msukuma aliyefanikiwa alinunua ng'ombe. Siku hizi ananunua ng'ombe, kisha anauza wachache apate bati. Mimi niliingia kwenye kazi hii na faida ya duka la mchele Kahama, bila fundi ninayemwamini, bila hati, na kiburi cha kujaza kenta. Najua wewe unayesoma tayari una kiwanja akilini, na huenda fundi umeshampigia simu. Sikukatazi. Soma kwanza haya.

1. Uliza nani atabaki dhahabu ikiisha

Rashi moja ya dhahabu ya upande wa Geita ilinipanda kichwani. Waliorudi kutoka huko walisema maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yanatema, watu wanalala nje, chumba cha udongo kinalipiwa kwa wiki na hakuna anayebishana bei. Nikaenda kuona kwa macho yangu, nikakuta ni kweli tupu. Asubuhi mapema mamalishe walikuwa wameshamaliza sufuria za kwanza, makarasha ya kusaga mawe yananguruma mpaka chai inatetemeka kwenye kikombe, na vijana waliojaa vumbi jeupe wanahesabu noti hadharani. Nilichukua pango la wiki, nikalizidisha kwa wiki za mwaka, nikalizidisha tena kwa idadi ya vyumba, nikajiona tajiri kabla sijanunua tofali hata moja.

Nilijenga vyumba kwa mstari, tofali za kuchoma, bati, kila kimoja na mlango wake wa mbao. Mwanzoni pesa ilikuja vizuri kuliko hata hesabu yangu. Halafu maduara yakaingia maji, mengine yakaanza kutoa mawe matupu, na fununu ikafika ya rashi nyingine mbali kabisa. Sijawahi kuona watu wakihama kwa kasi ile. Hawakufukuzwa na hawakuaga. Siku niliyokwenda kukusanya pango nilikuta chumba kimoja kina godoro, kandambili ya mguu mmoja na chaja ya simu; vingine vilikuwa vitupu, vimefungwa kofuli kama vile wenyewe wameenda sokoni. Mwenye karasha alikuwa anapakia mashine yake kwenye Fuso. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mama, wewe vyumba vyako utavipakiaje?"

Niliokoa bati na milango. Kuta ziko huko mpaka leo, kama hazijaliwa na mvua.

Baadaye ndipo niliposhangaa kwamba dalili zote zilikuwa mbele yangu. Wale wote walioyajua machimbo, kuanzia wenye maduara mpaka wauza pombe, walikuwa wamejenga kwa turubai na miti. Wa tofali nilikuwa peke yangu. Tangu hapo, nikifika mahali sianzi kuuliza bei ya chumba. Natafuta shule ya sekondari, kituo cha afya, stendi, na soko linalouza vitu visivyohusiana na uchimbaji: mahindi, nguo za shule, dawa za mifugo. Katoro, kwa mfano, ina wachimbaji tele, lakini ni mji wa biashara kwelikweli, na duara la jirani likifunga bado kuna watu wa kulala mjini. Mahali ambapo Serikali haijapeleka hata mwalimu, nami sipeleki tofali.

2. Mwajiriwa wa mgodi naye ana begi mlangoni

Baada ya aibu ile nilijiapiza kwamba wapangaji wangu watakuwa watu wa migodi mikubwa, wenye mishahara na vitambulisho vya shingoni. Nikajenga nyumba nzima Kahama ya kumfaa mtu wa aina hiyo tu: vigae mpaka jikoni, viyoyozi, ukuta mrefu. Kahama ilikuwa katikati ya Bulyanhulu na Buzwagi, nani angenikosoa?

Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje ya nchi. Kabla mwaka haujaisha, shughuli za Bulyanhulu zilikuwa zimepunguzwa sana, na uchimbaji wa chini haukurejea mpaka mwishoni mwa 2020. Buzwagi, iliyoanza uzalishaji 2009, ilifikia mwisho wake 2021, kama mgodi wowote unavyofikia. Hakuna lililokuwa siri; migodi yote hupangiwa umri tangu inapofunguliwa. Ila mimi nilijenga kama vile mwamba ule ni wa milele. Nyumba yangu ya vigae ikakaa na kibao getini, na dalali aliyekuwa akiniita "bosi" akaacha kupokea simu.

Wakati huohuo vile vyumba vyangu vya uchochoroni, ambavyo nilikuwa naona haya hata kuwaonyesha wageni, havikukaa vitupu. Kulikuwa na nesi, mwalimu wa msingi, utingo wa malori na binti muuza mitumba. Kahama ina mchele, na iko kwenye barabara ya magari yaendayo Rwanda na Burundi. Hao ndio walionilisha.

Nyongeza ndogo hapa. Ukisikia mgodi mkubwa unafunguliwa karibu na kiwanja chako, uliza wafanyakazi watalala wapi. Mwadui, kwenye almasi ya Williamson tangu 1940, mgodi ulijenga nyumba, shule na hospitali yake ndani ya uzio. Unaweza kuwa jirani wa utajiri huo miaka yote na usipate mpangaji hata mmoja.

3. Ukinunua kiwanja, muulize na mke wa muuzaji

Hiki kilikuwa Shinyanga, pembeni mwa mji. Muuzaji alikuwa mzee mtaratibu, mashahidi wake walivaa makoti, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Mafundi walikuwa wameshavuta kamba za msingi alipotokea mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, akakaa juu ya lundo la mawe yangu. Hakutukana mtu. Akasema, "Endeleeni tu baba zangu, mkimaliza mniambie nihamie."

Alikuwa mke wa yule mzee. Shamba lile alililima yeye, na habari za kuuzwa alizipata kisimani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtwika mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenzi wa muuzaji ameridhia. Mimi niliuliza bei. Tulikaa vikao, nikaongeza pesa, safari hii zikapita mikononi mwake na sahihi yake ikawekwa. Ikawa nimenunua kiwanja kimoja kwa bei ya kimoja na nusu, na wenzangu wanasema nilibahatika.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uone kama kiwanja kimepimwa, kiko kwa jina la nani, na kama ramani ya mipango miji haijapitisha barabara sebuleni kwako. Muhuri wa mwenyekiti unathibitisha kwamba mliuziana. Hauthibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, sheria yake ni nyingine, na halmashauri ya kijiji lazima ihusike. Na ukiwa Geita, pita pia ofisi ya madini. Nimeona watu wamejenga vizuri tu, kisha wakagundua wako ndani ya bikoni za leseni ya mtu mwingine. Madini yaliyo chini ya kitanda chako si yako, hata ukiwa na hati ya juu.

4. Viwili vilivyoisha vinazidi sita vya kwenye linta

Nilipenda kuona boma kubwa. Nikapandisha vyumba vyote sita pamoja, pesa ikakatikia kwenye linta, masika yakaingia. Mbuzi wa jirani wakawa wapangaji wangu wa kwanza, nao hawakulipa.

Fundi hatakuambia usimame, maana yeye analipwa kwa tofali linalopanda. Chimba msingi wa vyumba vyote ukitaka, lakini ezeka viwili, piga lipu, weka milango, ingiza watu. Pango la hivyo viwili litanunua bati za cha tatu.

5. Maji uani, na daftari la umeme

Niliwahi kutumia pesa nyingi kwenye dari la jipsamu, na wapangaji wakija wanatazama uani. Wanatafuta bomba. Nchi yetu hii ni kavu; tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofikishwa Shinyanga na Kahama, chumba chenye bomba na chumba cha kununua maji ya toroli si bidhaa moja tena. Vuta maji kwanza. Dari litasubiri.

Umeme ndio unaovunja undugu. Ukiweka mita moja kwa vyumba vyote, mwenye pasi atagombana na mwenye friji, na wote watakuja kukugongea wewe usiku. Weka submita kila chumba, hata kama inachelewesha ujenzi.

Nikiwa na mita moja bado, mpangaji wangu mmoja, mwalimu wa hesabu, aliniletea pango pungufu. Nikamwandama. Akafungua daftari lake, akanionyesha ujumbe wa LUKU mmoja mmoja. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda hadi 1,500. "Mama, kodi ya jengo ni ya mwenye jengo," akasema, tena kwa heshima. Alikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Siku hizi nauliza mwenyewe kila mwisho wa mwezi nani kanunua umeme wa kwanza, na ninarudisha kabla sijadaiwa.

6. Pango la miezi sita ni deni ulilopewa

Desturi yetu ni kudai miezi sita, wengine mwaka. Mara ya kwanza nilipokabidhiwa pesa ya namna hiyo nilichangia harusi, nikashona kitenge, nikanunua saruji ya jengo lingine. Mpangaji akahamishwa kikazi muda haujafika nusu, akaja kudai chake, nami nina kitenge tu.

Kumbuka pia kwamba sheria ya zamani ya udhibiti wa pango ilifutwa 2005. Siku hizi kinachokulinda wewe na yeye ni mkataba wenu wa maandishi, na mkishindwana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Andika humo mtu akitoka mapema inakuwaje, nani anarekebisha kitasa, nani analipia choo kikijaa. TRA nayo ina asilimia 10 yake kwenye pango. Itenge siku hiyohiyo. Mimi sasa napokea miezi mitatu mitatu. Wapangaji wananipenda zaidi, na sina presha.

7. Ndugu

Ndugu mpe chumba kama zawadi, au usimpe kabisa. Usimwandikie pango, maana hutaweza kumdai kwenye kikao cha ukoo, na yeye analijua hilo kuliko wewe. Mpwa wangu aliingia chumba namba mbili kwa siku chache tu, akisubiri majibu ya usaili. Majibu yalikuja, kazi akapata, akaoa akiwa humohumo. Mtoto wao wa kwanza wamempa jina langu, na sasa sioni nitawatoaje.