Poliamini: Bakteria Huziingizaje, na Huzivunjaje?

Poliamini ni nini?
Ni molekuli ndogo zenye nitrojeni na chaji chanya, zinazopatikana karibu katika kila kiumbe hai. Zinazojulikana zaidi ni putresini, spemidini na spemini, pamoja na ndugu yao kadaverini. DNA na RNA zina chaji hasi, hivyo poliamini hushikamana nazo na kuisaidia seli kutengeneza protini na kukua.

Je, ndizo zinazonuka kwenye nyama iliyooza?
Baadhi, ndiyo. Putresini na kadaverini zilielezwa mwaka 1885 na daktari Mjerumani, Ludwig Brieger, aliyekuwa akichunguza nyama iliyooza. Bakteria huzitengeneza kwa kuondoa kaboni dayoksaidi kwenye asidi amino: ornithini huzaa putresini, laisini huzaa kadaverini.

Huziingizaje mwilini mwao?
Chukua Escherichia coli, mkazi wa utumbo wetu. Anaweza kujitengenezea poliamini, lakini akizikuta nje huzichukua. Kati ya tando zake mbili kuna protini za kudaka: PotD hudaka hasa spemidini, PotF hudaka putresini. Kila moja hukabidhi mzigo kwenye lango la utando wa ndani, nalo hutumia nishati ya ATP kuupitisha. Lango jingine, PuuP, huingiza putresini inayokusudiwa kuliwa.

Kwa nini avunje kitu anachokihitaji?
Kwa sababu mbili. Kwanza ni chakula: poliamini zina kaboni na nitrojeni. Pili ni usalama: zikizidi, hudhuru seli ileile iliyozihitaji.

Putresini huvunjwaje?
Njia kuu ya E. coli ilielezwa na watafiti wa Japani mwaka 2005. Kimeng'enya PuuA huibandika putresini kwenye glutameti. PuuB na PuuC huioksidisha upande wa pili, kisha PuuD huiondoa ile glutameti. Kinachobaki ni GABA, ambayo hugeuzwa kuwa suksineti na kuingia kwenye mzunguko wa Krebs, seli inakopatia nishati.

Je, bakteria wote hufanya hivyo?
Hapana. Pseudomonas aeruginosa anaweza kuvunja hata spemini na kuishi kwayo. Staphylococcus aureus, kinyume chake, kwa kawaida hudhuriwa na spemini. Lakini aina yake iitwayo USA300, iliyoenea Marekani, imebeba jeni speG. Kimeng'enya chake huzibandika poliamini kundi la asetili, zikapoteza makali. Hapo bakteria huyo huzistahimili poliamini zilizomo kwenye ngozi ya binadamu.

Nikimpika sana samaki aliyeanza kuharibika, nitakuwa salama?
Hapana. Moto huua bakteria, lakini amini, kama putresini na kadaverini, walizokwisha kutengeneza hubaki. Kwenye jodari na vibua, hatari kubwa ni histamini, itokanayo na asidi amino histidini iliyoondolewa kaboni dayoksaidi vilevile. Putresini na kadaverini huizuia miili yetu kuivunja histamini, hivyo huongeza madhara: uso kuwa mwekundu, kuwashwa, kuumwa kichwa na kuharisha. Histamini inaweza kufikia kiwango cha kudhuru kabla samaki hajanuka, kwa hiyo usitegemee pua. Samaki awekwe kwenye barafu mara tu anapovuliwa, na abaki humo hadi jikoni. Mtu akibanwa na pumzi au kuvimba uso baada ya kula, awahishwe hospitali.