Saa ya Kompyuta Mpakani: Kutambua Kosa na Kulisahihisha



Katika somo la toleo hili tumeona vyema tuzungumzie jambo dogo ambalo wengi hawalitazami mara mbili, nalo ni saa iliyo pembeni mwa kioo cha kompyuta ya kazini. Kompyuta ya wakala wa fedha, ya bohari, ya zahanati, ya nyumba ya wageni na ile inayohifadhi picha za kamera za usalama, zote huandika saa katika kila jambo zinalolipokea. Tukio linapotokea, maandishi hayo ndiyo mpelelezi huyaomba kwanza, na pengine ndiyo pekee yanayoweza kumtenga asiye na hatia na mwenye hatia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Pale Rusumo, mto Kagera hutenganisha Rwanda na Tanzania. Duka limevunjwa upande wa Rwanda saa 14:20 kwa saa za huko, na utingo mmoja wa lori anashukiwa. Kompyuta ya bohari iliyo upande wa Tanzania inaonyesha kwamba alitia saini ya kukabidhi mzigo saa 15:22. Asomaye tarakimu hizo bila kuuliza ni za nchi gani ataona kwamba kijana alipata muda wa kutosha kuiba na kuvuka daraja. Ajuaye kwamba 15:22 ya Tanzania ni 14:22 ya Rwanda ataona kwamba duka lilipovunjwa, kijana alikuwa ng'ambo ya mto mbele ya karani. Hata hivyo, utetezi huo husimama tu iwapo saa ya kompyuta ya bohari ilipangwa sawasawa.

Kwa nini saa zetu hutofautiana

Nchi zote hupima saa zao kutokana na saa moja ya ulimwengu, ijulikanayo kwa herufi UTC. Tanzania, Kenya na Uganda zimetangulia saa hiyo kwa saa 3. Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, Msumbiji na mashariki ya Kongo zimeitangulia kwa saa 2. Sudan Kusini ilihamia kundi hili la pili tarehe 1 Februari 2021. Kwa hiyo kompyuta ya huko isiyopata masasisho tangu wakati huo yaweza kuwa ingali na hesabu ya zamani.

Basi avukaye Rusumo, Kabanga na Kobero, Gatuna na Katuna, Bunagana, Kasindi na Mpondwe, au Tunduma na Nakonde, huongeza au hupunguza saa moja. Avukaye kati ya Goma na Gisenyi, au Namanga, au Mutukula, habadilishi kitu.

Ukubwa wa kosa huonyesha chanzo chake

Kabla ya kugusa chochote, linganisha saa ya kompyuta na saa unayoiamini, kisha uandike tofauti yake. Tofauti hiyo itakuelekeza.

*Tofauti ni dakika chache.* Kompyuta imeacha kusawazisha saa yake na seva ya saa kupitia intaneti. Fungua mipangilio ya tarehe na saa, hakikisha usawazishaji wa moja kwa moja umewashwa, kisha uamuru isawazishe papo hapo. Ikikataa, chunguza kama intaneti ipo na kama ruta au programu ya ulinzi haijafunga mlango namba 123, unaopitisha taarifa za saa. Katika ofisi ambayo kompyuta zote hutegemea seva moja kuu, ni seva hiyo ya kurekebishwa. Ikipotoka, zote hupotoka pamoja, na wafanyakazi hawatambui kwa kuwa zinakubaliana.

*Tofauti ni saa moja kamili.* Ukanda wa saa uliochaguliwa ni wa jirani. Katika programu ya Windows, Tanzania, Kenya na Uganda huchagua mstari wa Nairobi wenye UTC+03:00, nazo Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo huchagua mstari wa Harare na Pretoria wenye UTC+02:00. Usichague Cairo kwa sababu tu nao huandikwa UTC+02:00. Tangu mwaka 2023 Misri imerudia desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, na kompyuta yako itasogea pamoja nayo.

*Tofauti ni saa sita.* Aliyeipanga alifuata hesabu yetu ya tangu alfajiri. Saa nane na dakika ishirini mchana aliiandika 08:20, badala ya 14:20.

*Tofauti ni saa kumi na mbili.* Mchana umechanganywa na usiku. Dalili yake ni tarehe kubadilika adhuhuri.

*Tofauti ni miezi au miaka.* Kila umeme ukikatika, kompyuta hurudi tarehe ya zamani, na kurasa za intaneti hukataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Betri ndogo ya ndani, iliyo bapa mfano wa sarafu, imekwisha. Katika kompyuta nyingi za mezani ni ile iitwayo CR2032, yenye volti 3. Fundi aibadilishe, kisha saa ipangwe upya.

Kosa lililojificha

Lipo kosa tunaloliogopa kuliko yote, kwa sababu haliwezi kuonekana kwa macho. Karani wa upande wa Tanzania anakuta kompyuta imechelewa kwa saa moja. Badala ya kubadili ukanda, anaisogeza saa mbele kwa mkono. Kioo sasa kinasoma sawa na saa ya ukutani. Lakini ndani kompyuta ingali inaamini kwamba iko Rwanda, na hivyo hesabu yake ya UTC imepotoka kwa saa nzima. Barua pepe atakayoituma itafika kwa mwenzake wa ng'ambo ikidai imeandikwa saa ambayo bado haijafika. Usawazishaji ukifanyika, saa itarudi nyuma yenyewe, na karani ataisogeza tena. Kwa hiyo tunasisitiza: ukanda kwanza, usawazishaji baadaye, na saa isisogezwe kwa mkono ila pale ambapo intaneti haipo kabisa.

Tahadhari nyingine ni ya minara ya simu. Karibu na mpaka, simu yaweza kunasa mtandao wa jirani na kubadili saa yake. Kompyuta ya kubebeka iliyoruhusiwa kujichagulia ukanda nayo yaweza kudanganyika vivyo hivyo. Kompyuta isiyoondoka mezani ichaguliwe ukanda wake mara moja, na uchaguzi wa ukanda wa moja kwa moja uzimwe. Usawazishaji wa saa uachwe ukiwaka. Na ukitumia simu kama kipimo, tazama kwanza ni mtandao wa nchi gani umeandikwa juu ya kioo.

Tukio likishatokea, usisahihishe kwanza

Ukigundua baada ya wizi au ajali kwamba saa ya kamera au ya kompyuta ina kosa, usiiguse. Piga picha ya kioo ikionekana pamoja na saa sahihi, andika tofauti ya dakika na saa, tarehe, na jina la aliyeshuhudia, kisha umjulishe mpelelezi. Saa yenye kosa linalojulikana bado ni ushahidi mzuri, maana hesabu yaweza kufanywa. Saa iliyosahihishwa bila kumbukumbu humwacha kila mtu akibahatisha, na wakili wa upande wowote atauliza ni lini ilibadilishwa na kwa nini.

Nanyi mnaotoa maelezo kituoni, semeni saa pamoja na nchi. "Saa nane na dakika ishirini mchana, saa za Rwanda" ni maelezo kamili. Msiposema, askari anayeandika na akuulizeni. Asipouliza, mkumbusheni bila kusita.

Zoezi la kikundi

1. Mzigo umeandikwa kutoka Kobero saa 09:40 na kufika Kabanga saa 10:55, kila upande kwa saa zake. Safari ilichukua muda gani?
2. Kompyuta ya zahanati imetangulia kwa saa sita. Ni jambo gani la kwanza utakalolichunguza?
3. Nani mahali penu pa kazi atakagua saa za kompyuta na kamera kila Jumatatu, na ataandika wapi alichokiona?

Jibu la swali la kwanza ni dakika 15. Aliyejibu saa moja na robo arudie sehemu ya kwanza ya somo hili, kwa maana hivyo ndivyo mtu asiye na kosa anavyoweza kulala mahabusu.