Mfuniko wa tangi umevunjika: ni kazi ya nani?

Msomaji, kisiwani Mombasa, Mji wa Kale ukiwemo, maji ya mfereji huja kwa zamu. Kwa hivyo watu huweka tangi juu ya paa na mapipa chumbani. Mpangaji akivunja mfuniko wa tangi, ugomvi huzuka. Mwenye nyumba husema aliyevunja alipe; mpangaji naye husema yeye analipa kodi. Wakibishana, mbu hutaga.

Mbu huyo ni Aedes aegypti, mwenye mistari myeupe miguuni. Huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Yaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Kutoka yai hadi mbu ni kama siku 7 hadi 10 tu. Ndiye aliyeeneza homa ya dengi Mombasa mwaka 2013 na 2014, na chikungunya kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura 242, huhesabu mazalio ya mbu kuwa kero. Notisi ya kuiondoa hupewa aliyeisababisha. Lakini kero ikitokana na kasoro ya jengo, hupewa mwenye nyumba.

Ushauri wangu ni huu. Mwenye nyumba, weka mfuniko kwanza, gharama mtadaiana baadaye. Mpangaji, toa habari siku hiyo hiyo, na kwa sasa funika tangi kwa wavu wenye matundu madogo, uufunge kwa kamba. Mapipa ya chumbani ni jukumu lako: kila wiki yamwage na uyasugue kuta, maana kumwaga tu hakuondoi mayai.

Mtu akishikwa na homa ya ghafla, maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, apelekwe akapimwe, malaria pia. Anywe maji kwa wingi na apewe parasetamoli kwa kipimo chake. Asipewe aspirini wala ibuprofeni kabla daktari hajaondoa shaka ya dengi, kwani huzidisha hatari ya kutoka damu. Homa ikishuka, usidhani amepona. Tumbo likiuma sana, akitapika mara kwa mara au fizi zikitoa damu, mkimbize hospitali.

Deni la mfuniko laweza kungoja mwisho wa mwezi. Viluwiluwi havingoji.