Ramadhani, Siku ya 17: Panga lako na mgomba wa jirani

Ndugu zangu wa Bukoba na Muleba, na nyinyi mlioko mbali ambao kibanja cha nyumbani mmewaachia wazee.

Leo tuweke kando kidogo mambo ya futari na daku. Kuna swali nimeulizwa wiki hii na watu watatu tofauti, na mama mmoja wa upande wa Muleba kaliuliza vizuri kuliko wote. Alisema: Maalim, kuna mgomba aliupanda marehemu mume wangu, upo hatua chache tu kutoka kaburi lake. Una mkungu mkubwa. Lakini ndizi zimeanza kuiva huku hazijakomaa, na bwana shamba anasema niukate. Kukata mgomba wenye mkungu, tena mwezi huu, si dhambi?

Mgeni anaweza kuona ni swali la kilimo tu. Sisi wa huku tunajua kibanja ni nini. Ndicho kinachoizunguka nyumba, ndimo wazee wetu walimozikwa, ndimo inamotoka ndizi ya kupika jioni na kahawa ya kulipia ada ya mtoto. Mtu akiona mgomba unanyauka mlangoni kwake anaumia kama vile ni mtu wa nyumbani anayeumwa.

Ugonjwa wenyewe ni huu mnyauko ambao wengi tunauita unyanjano. Unaletwa na bakteria anayeitwa Xanthomonas. Wataalamu walimwandika kwanza Ethiopia mwaka 1968, Uganda aligundulika mwaka 2001, na Tanzania uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2006, hapa hapa kwetu, wilayani Muleba. Dawa ya kupulizia au kumwagia mgomba ukapona, hakuna. Anayekuuzia chupa akikuambia inaponya unyanjano, mwambie Ramadhani hii amche Mungu.

Sasa, kabla hujashika panga, tazama vizuri. Si kila mgomba unaonyauka una unyanjano. Upo ugonjwa wa Panama, wapo fukusi wanaotoboa shina kule chini, na upo udongo uliochoka tu kwa sababu samadi na nyasi za kutandazia zilikoma siku ng'ombe walipouzwa. Unyanjano una alama zake: ndizi zinaiva kabla ya wakati, tena si zote kwa pamoja, ukiipasua ndani ina rangi ya kahawia, lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu linasinyaa, na ukikata shina ukasubiri kidogo, unatoka ute wa manjano kama usaha. Ukiuona ule ute, hapo hakuna ubishi tena.

Nirudi kwa mama yetu. Kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf. Mle ndani yumo Khidhr, aliyelitoboa jahazi la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Nabii Musa alishtuka: unawaharibia watu chombo chao? Baadaye akaelezwa kwamba mbele yao kulikuwa na mfalme anayepora kila jahazi zima. Tundu lile lilikuwa ndiyo salama ya chombo. Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni yao inayokwenda njia hiyo: madhara mawili yakikutana, yabebwe madogo ili yaondoke makubwa. Mama, kata. Hukosi adabu kwa marehemu. Mkungu ule hautaliwa hata ukiuacha, na ukiuacha utakula mingine yote aliyoipanda.

Tena si lazima ung'oe kila kitu. Zamani watu walikuwa wakiambiwa kung'oa shina zima na machipukizi yake yote, kazi ambayo mama mjane peke yake ataiweza wapi? Siku hizi wataalamu wanasema: kata ule mgomba ulioonesha dalili, usawa wa ardhi, haraka, bila kungoja wiki ijayo. Imeonekana kwamba ugonjwa hauingii kila mara katika machipukizi yote ya shina moja. Halafu pita kibanjani kila wiki. Ukiona mwingine, kata tena. Mabaki usimpe mbuzi wala usiyabebe kwenda kutandazia kwingine. Uvumilivu ndio kazi yenyewe hapo, maana wengi wanakata mara moja, wanaona umerudi, wanakata tamaa.

Lakini hilo la mama ni jepesi ukilinganisha na ninalotaka kulisema leo, na naomba tusikilizane bila kukasirikiana. Unyanjano hauna miguu. Wadudu wanaubeba, kweli, nyuki na wenzake wanapotembelea lile ua. Lakini mbebaji mwingine mkubwa ni panga. Umepunguzia majani mgomba mgonjwa, ukaenda na panga lile lile kwenye mzima. Jioni jirani kaliazima. Kesho yake kibarua kalipeleka kwa mtu wa tatu. Nyumba tatu zimepata msiba na hakuna aliyekusudia.

Nikisema hivi kuna ndugu huwa wananijibu kwa hadithi. Wanasema, Maalim, si Mtume swalla Allahu alayhi wasallam amesema hakuna kuambukizana? Amesema, na ni sahihi. Ila msiichukue nusu. Abu Huraira huyo huyo kapokea pia kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwenye ngamia wazima, na yote mawili yamo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wameyaweka pamoja hivi: watu wa zama za ujinga waliamini ugonjwa una nguvu yake wenyewe, unakwenda unakotaka bila ya Allah. Hiyo ndiyo itikadi iliyokanushwa. Ama sababu, zipo, Allah ndiye aliyeziweka, na tumeamrishwa kuziogopa. Anayesema tawakkal huku panga lake linanuka ute wa manjano, hiyo si tawakkal. Ni uvivu uliovaa kanzu.

Badilisha ngamia weka migomba, utaona hadithi imekaa pale pale. Usimpelekee mwenye mizima.

Na hapa ndipo penye mtihani wa mwezi huu. Masika inakaribia, watu wanaombana miche. Kwetu mche hauuzwi kwa ndugu, unatolewa, na kumnyima mtu mche ni aibu. Vizuri sana. Lakini mche unaweza kuonekana mzima, majani ya kijani kabisa, kumbe umeshabeba ugonjwa. Kama kibanja chako kimeguswa mwaka huu, ukimpa shemeji yako mche bila kumwambia, umempa nini? Sadaka? Aibu ya kusema "kwangu kumeingia unyanjano" ni kubwa, naijua. Watu wanadhani utaonekana mzembe au umerogwa. Wengine wanakata usiku ili jirani asione. Ndugu yangu, jirani anatakiwa aone. Akijua mapema ataokoa chake.

Kumbukeni Salman al-Farisi, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa mtumwa Madina, akaandikiana na bwana wake: uhuru wake ni kupanda mitende 300 na kutoa uqia 40 za dhahabu. Mtume akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, kila mtu kwa uwezo wake, mpaka ikatimia 300. Salman akaambiwa achimbe mashimo, akachimba, wenzake wakimsaidia. Kisha Mtume akaja, wao wakimsogezea miche, yeye anaipanda kwa mkono wake mtukufu. Katika simulizi aliyoipokea Imam Ahmad, haukufa hata mche mmoja.

Huwa tunaisimulia kwa ajili ya ule muujiza wa mwisho, na tunapita haraka kwenye mashimo. Mimi leo nataka tukae kwenye mashimo, na kwenye ile miche 10 ya aliyekuwa na 10 tu. Baraka ilishuka juu ya jasho la mwenye shida na mali ya majirani. Uhuru wa mtu ulikuwa umeshikiliwa na miche aliyopewa na wenzake. Hebu jiulize, kama ungekuwa Madina siku ile, ungempa Salman ule mche ulio nyuma ya jiko lako?

Kwa hiyo leo kabla ya Magharibi, ukiwa na nguvu, fanya haya. Panga lipitishe motoni mpaka lishike moto sawasawa, au lioshe kwa jiki, kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Najua inachosha. Lile ua la chini livunje mara tu chane la mwisho likishatokea, na usitumie panga, tumia mti mrefu wenye panda, uzungushe uvunje. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Miche chukua kwenye kibanja unachokijua ni kizima, au ulizia TARI Maruku pale jirani na Bukoba, migomba ni kazi yao. Na mwenye kibanja kilichoguswa, mtumie ujumbe jirani yako wa kulia na wa kushoto. Maneno mawili tu yanatosha.

Wazee wasio na simu, naomba vijana muwasomee hii baada ya Alasiri. Mwenye picha ya mgomba asioujua unaumwa nini, anitumie kwa faragha, nitamfikishia bwana shamba. Msizirundike humu kwenye chaneli.

Kesho inshaallah tunarudi kwenye zakatul fitri, maana maswali ya ndizi au mchele yameshaanza.

Swaumu njema. Wabillahi tawfiq.