Bastola ndogo ya mfukoni: mambo ya kujua kabla hujauza ng'ombe

Msimu wa bonasi ya majani chai ukikaribia, mazungumzo ya usalama huzidi katika soko la Chepseon. Mwenye duka la jumla anayefunga usiku, wakala wa M-Pesa anayepeleka pesa taslimu benki mjini Kericho, mkulima mwenye ng'ombe wa gredi ambaye jirani yake wa karibu yuko ng'ambo ya bonde, kila mmoja amewahi kujiuliza: vipi nikinunua bastola ndogo ya kutia mfukoni? Kujiuliza si kosa. Shida ni kwamba majibu mengi yanayopatikana kwenye simu yametoka Marekani, ambako katika majimbo mengi mtu huingia dukani na kutoka na bastola siku hiyo hiyo, na wapo wanaobeba mbili, kubwa kiunoni na ndogo ya akiba kwenye kifundo cha mguu. Huku kwetu leseni hutangulia, silaha hufuata.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Anayetoa cheti cha kumiliki silaha ni Bodi ya Leseni za Silaha, iliyoundwa kwa marekebisho ya mwaka 2014, na iko Nairobi. Elewa mapema kwamba Kenya hakuna haki ya kumiliki bunduki. Ni ruhusa unayoomba, inaweza kukataliwa, na ukishapewa inaweza kufutwa. Lazima uonyeshe sababu ya maana, na bodi iridhike kwamba silaha mikononi mwako haitahatarisha watu wengine. Mlevi, mwenye rekodi ya fujo au mwenye tatizo la akili lisilodhibitiwa asijisumbue.

Sababu ya maana ni ipi? "Wezi wamezidi" haitoshi, kwa sababu kila mtu aweza kusema hivyo. Sababu yenye uzito ina karatasi nyuma yake: nambari ya OB, yaani kumbukumbu ya kituo cha polisi ya siku uliyovamiwa au kutishwa, leseni ya biashara, taarifa za benki zinazoonyesha fedha unazosafirisha. Ndiyo maana ninawashauri watu wasikae kimya wanapotishwa. Piga ripoti, chukua nambari ya OB, itunze.

Kisha kuna cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi, DCI. Unajaza ombi kwenye eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24 kwenye karatasi moja pande zote mbili (wengi hurudishwa kwa sababu wamechapisha karatasi mbili), halafu unakwenda Huduma Centre ya Kericho, au ya Bomet kama uko upande huo, kuchukuliwa alama za vidole. Nenda asubuhi na kitambulisho chako. Ombi la leseni yenyewe nalo hupitia mikono mingi. Utachunguzwa, na wanaokujua wanaweza kuulizwa juu yako, hata chifu. Kama kila mtu pale stejini anakujua kwa kupigana na mkeo, usidhani habari hizo zitabaki stejini.

Atakuja mtu na kukuambia, "Mimi nina njia ya mkato." Mkimbie. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya na kusajiliwa kidijitali, na katika zoezi hilo waligunduliwa watu waliokuwa na vyeti bandia, baadhi yao wakidai walidhani ni halali. Bunduki bila cheti halali ni kosa la jinai lenye kifungo cha miaka mingi. Mahakama haitapoza adhabu kwa sababu ulilipa pesa nyingi kwa broka.

Sasa tuseme umekubaliwa. Cheti chako cha silaha kitataja aina ya silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Ruhusa ya silaha moja si ruhusa ya mbili. Kwa hiyo ile habari ya bastola ya pili ya akiba, kwa raia wa kawaida wa Chepseon, iache. Chagua moja, uijue vizuri.

Ndogo ni ndogo kiasi gani? Linganisha. Ceska ambayo wengi tumeiona kiunoni mwa polisi, ile CZ 75 ya chuma kitupu, ina uzito wa karibu kilo moja. Glock 43, ya risasi za milimita 9, ni karibu nusu kilo na magazini yake hubeba risasi sita. Magazini ni kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Ruger LCP ni ndogo zaidi, haifiki gramu 300, nayo hutumia risasi iitwayo 380, ambayo upana wake ni ule ule wa milimita 9 lakini ni fupi na nguvu yake ni kidogo. Iko pia rivolva, bastola yenye pipa linalozunguka, ambayo zile ndogo huchukua risasi tano.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Wanadhani bastola ndogo ni rahisi kutumia, hasa kwa mama au mzee. Ni kinyume. Chuma kikiwa chepesi, msukumo wa risasi hauna cha kuuzuia, wote unaishia kwenye kiganja chako. Mpini ni mfupi, kidole kidogo kinabaki kikining'inia hewani. Mtutu ni mfupi na vilengeo vya juu vimekaribiana, kwa hiyo kosa dogo la mkono hupeleka risasi mbali na ulikolenga. Ukiishika kwa ulegevu, bastola ya magazini inaweza kukwama baada ya risasi ya kwanza. Rivolva haikwami kwa sababu hiyo, lakini kifyatuo chake, yaani kile chuma cha kuvuta kwa kidole, ni kizito, na asiyekizoea hutikisa mkono wote anapokivuta.

Ukiniuliza mimi, nitakwambia uchague iliyo kubwa kidogo kuliko hizo, kama Glock 26 au inayolingana nayo, ya milimita 9. Risasi za aina hiyo ni za kawaida, na mpini wake unashikika vizuri kidogo. Zile ndogo kabisa ni za mtu aliyekwisha kufyatua risasi mamia mazoezini. Usinunue kwa jina. Dukani, mwombe muuzaji aondoe magazini na akuonyeshe kwamba chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, haina kitu, kisha ushike wewe mwenyewe. Je, vidole vinatosha? Unaweza kuivuta sehemu ya juu kuikoki bila kuhangaika? Kama huwezi pale dukani ukiwa umetulia, hutaweza saa nane usiku mlango ukigongwa.

Gharama je? Hesabu kwa malaki, si kwa maelfu, kwa bastola mpya kutoka duka lenye leseni, na maduka hayo mengi yako Nairobi. Ongeza sefu ya chuma, mfuko wa bastola, risasi, ada za leseni kama zinavyoonyeshwa kwenye eCitizen, nauli za kufuatilia ombi, na mafunzo. Hayo ya mwisho watu huyaruka, na ndiyo ningeyalipia kwanza. Kuna uwanja wa shabaha Kirigiti, Kiambu. Kutoka Chepseon ni safari ya kutwa, lakini mtu asiyekuwa tayari kusafiri kufanya mazoezi hayuko tayari kubeba bastola.

Kuhusu kubeba mfukoni, sharti la kwanza ni mfuko maalumu wa ngozi au plastiki ngumu unaofunika kifyatuo chote. Mfuko wa suruali wenye bastola usiwe na kitu kingine: si funguo, si sarafu, si kalamu. Ufunguo mmoja ukiingia kwenye kifyatuo unapoketi kwenye matatu, risasi inapita pajani. Bastola isionekane. Kuinua shati baa ili watu waone ni njia ya haraka ya kupoteza leseni, na kuwa mlevi ukiwa na silaha ni kosa kisheria.

Kisha kuna mvua yetu. Alasiri za Kericho zinajulikana, na bastola iliyolowa au iliyokaa kwenye jasho la mwili hushika kutu upesi, hasa magazini na ncha ya mtutu. Ya mfukoni hukusanya pia nyuzi na vumbi. Itoe risasi, hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole, ipanguse, ipake mafuta kidogo ya bunduki, angalau kila wiki wakati wa masika. Mafuta yasiwe mengi, yananata na kuvuta uchafu. Nyumbani ikae kwenye sefu iliyofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni. Chini ya mto au juu ya kabati siyo mahali, mtoto wa miaka mitano hufika kote huko.

Lini unaruhusiwa kuitumia? Kwa ufupi, uhai unapotishwa pale pale na huna njia nyingine, na nguvu unayotumia isizidi hatari iliyopo. Mwizi anayekimbia na gunia lako la majani chai hatishii uhai wako. Ukimpiga risasi mgongoni, kesi ni yako.

Kabla ya yote hayo, pima njia za bei nafuu. Bonasi ipitie benki au sacco badala ya kutembea na bahasha. Wakala apeleke pesa mchana, kwa nyakati zinazobadilika, na asitangaze. Taa ya sola nje, mlango wa chuma, mbwa, na majirani wa Nyumba Kumi wenye nambari za simu za wenzao huzuia uvamizi mwingi kuliko bastola iliyofungiwa sefuni. Usitegemee kuajiri mlinzi wa kampuni mwenye bunduki, kwani walinzi wa kampuni binafsi Kenya hawaruhusiwi kuibeba.

Bastola ikipotea au ikiibiwa, ripoti kituoni mara moja, siku hiyo hiyo, wala usianze kuitafuta kimya kimya kwa wiki nzima. Na zungumza na familia yako mapema kuhusu siku utakapofariki. Leseni ni ya mtu mmoja, hairithiwi pamoja na shamba. Mjane au mtoto asiihamishe wala asimpe mjomba aitunze. Awaite polisi, au aipeleke kituoni pamoja na risasi zote na cheti, na asiondoke bila kuandikiwa kwenye OB kwamba ameikabidhi.